Picha ya Ukurasa na Mstari wa Jedwali: Uhakiki wa Orodha za Miswada ya Ushairi wa Kiswahili

Uhakiki wa ushairi wa kale wa Kiswahili umeegemea kwa muda mrefu matini zilizochapishwa kwa hati za Kirumi. Mwanafunzi anayesoma Al-Inkishafi aghalabu huwa na toleo la William Hichens la mwaka 1939 au lile la James de Vere Allen la mwaka 1977, na hudhani kwamba kila neno alisomalo ndilo aliloliandika Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Sivyo. Baina ya mtunzi na mwanafunzi huyo pana wanakili waliotumia hati za Kiarabu, pana mhariri aliyezigeuza hati hizo kuwa za Kirumi, na katika miongo hii ya karibuni ameongezeka mtu mwingine ambaye bado hajahakikiwa ipasavyo: yule anayepiga picha za miswada na kuzipanga katika jedwali la tarakilishi pamoja na maelezo yake. Makala haya yanakusudia kuichunguza kazi ya mtu huyo kama wahakiki wanavyoichunguza kazi ya mhariri, kwa sababu naye pia huamua, na maamuzi yake hayaonekani kwa urahisi.

Yafaa kuanza na hati zenyewe, kwani asiyezifahamu hawezi kuona kwa nini picha ina uzito wowote. Alfabeti ya Kiarabu haina herufi za p, v, ch wala g, na alama zake za irabu ni tatu tu ilhali Kiswahili kina irabu tano. Wanakili wa Pate, Lamu na Mombasa walizikabili shida hizo kwa njia mbalimbali, wengine kwa kuongeza vitone juu ya herufi, lakini miswada mingi ya zamani huiacha herufi ya be isimame kwa b, p na hata mb, na herufi ya fe isimame kwa f, v na mv. Kasra hutumika kwa i na kwa e. Dhuma hutumika kwa u na kwa o. Basi neno moja lililoandikwa kwa be na te laweza kusomwa bata, pata au mbata, na lile lililoanza kwa fe laweza kuwa fua, vua au mvua. Ndege, kitenzi na nazi kavu vyote vimo katika maandishi yale yale. Mwalimu Sikujua wa Mombasa na W. E. Taylor walijaribu katika karne ya 19 kuzirekebisha hati hizi, na Sheikh Yahya Ali Omar pamoja na P. J. L. Frankl wakaurejea mjadala huo katika makala yao ya mwaka 1997. Hata hivyo marekebisho hayawezi kurudi nyuma yakaibadilisha miswada iliyokwisha kuandikwa.

Kutokana na hali hiyo, kila ubeti wa kale uliochapishwa kwa Kirumi ni shauri la msomaji fulani aliyechagua neno moja akayaacha mengine. Mara nyingi mizani na vina humsaidia kuchagua vyema. Kipande cha utendi kina mizani minane, na neno lisilotosha katika mizani hujifichua lenyewe. Lakini bata na pata zina mizani miwili kila moja, wala kina hakitenganishi maneno yanayokaa katikati ya kipande. Hapo ndipo mhakiki anapohitaji kuuona ukurasa wenyewe, na hapo ndipo orodha ya miswada inapogeuka kuwa chombo cha uhakiki badala ya kuwa daftari la mtunza maktaba tu.

Orodha za mwanzo hazikuwa na picha. J. W. T. Allen alipochapisha mwaka 1970 orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti zilizokuwamo katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, alimpa msomaji maneno: jina la kazi na maelezo mafupi. Ernst Dammann, aliyekusanya miswada Lamu katika miaka ya 1930, alitoa mwaka 1993 orodha ya miswada ya Kiswahili iliyomo Ujerumani, nayo ni kazi ya maneno, yenye maelezo ya kina kuliko ile ya Allen. Orodha za namna hii zilimtaka mtafiti asafiri. Alisoma maelezo Nairobi, kisha akatafuta nauli ya kwenda kuuona mswada, na wengi hawakuipata. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, chuo cha SOAS cha London, ambacho kina makusanyo ya Taylor, Hichens na wengineo, kiliiweka orodha ya miswada yake ya Kiswahili katika hifadhidata ya mtandao. Nayo miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, mingi ikiwa ya Kiarabu, ilipigwa picha mahali ilipo chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, mpango ulioanza mwaka 2004 na ambao hauruhusu nyaraka za asili kuondolewa katika nchi zake. Hatua hizi ni kubwa, na anayezibeza hajui taabu iliyokuwako kabla yake. Hata hivyo picha kuwako ni jambo moja, na picha kukaa mahali pake kando ya maelezo yake ni jambo jingine.

Makosa ya kwanza ni ya kupanga, nayo huonekana madogo. Mtu mwenye miswada thelathini ya babu yake, au idara yenye kabati moja, hufungua lahajedwali, huandika majina katika safu ya kwanza, kisha hubandika picha kando ya kila jina. Jedwali linapendeza. Lakini kwa miaka mingi picha iliyobandikwa hivyo katika programu za kawaida haikuwa ndani ya kisanduku hata kidogo. Ilielea juu yake kama karatasi iliyowekwa juu ya daftari. Siku mtu anapolipanga jedwali upya kwa abjadi, majina huhama na picha zaweza kubaki zilipokuwa. Utendi wa Tambuka hujikuta kando ya ukurasa wa kasida, wala hakuna alama yoyote ya kuonya kwamba kuna lililoharibika. Programu ya Excel ilipata njia ya kuitia picha ndani ya kisanduku chenyewe katika miaka ya 2022 na 2023, na hilo limeipunguza hatari hii, lakini faili huzidi kuwa zito kwa kila picha inayoingia, na picha kubwa inayofaa kusomwa vitone vya herufi haifai kubebwa na jedwali. Mahali pake ni folda yake yenyewe. Jedwali libebe jina la picha tu, na jina hilo liwe kamba inayovifunga viwili hivyo pamoja.

Jina la faili, basi, ni jambo la kufikiriwa kwa makini kama anwani ya kitabu. Kamera huzipa picha namba zake yenyewe, tarakimu nne zinazofika 9999 na kuanza tena, kwa hiyo mkusanyiko mkubwa utakuwa na picha mbili zenye jina moja. Anayezibadili majina hayo kuwa 1, 2, 3 hukuta baadhi ya programu zikizipanga 1, 10, 11, kisha 2, kwa sababu huzisoma namba kama herufi. 001, 002 na 003 hupangika sawasawa. Jina lenye namba ya mswada, namba ya karatasi na upande wa karatasi, mathalani 042-007b, hubaki na maana hata likitenganishwa na jedwali lake. Jina kama Tambuka-nzuri-mpya halina maana mwaka wa pili. Ni ajabu kwamba wanakili wa kale walilijua jambo hili kuliko wengi wanaowafuata. Chini ya ukurasa mmoja wa karatasi mnakili aliandika, kwa mshazari, neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika msomaji aweze kuzirudisha katika mfuatano wake. Neno hilo dogo ndilo jina la faili la zama zao. Mpiga picha anayelikata pembeni kwa kutaka picha safi huondoa uthibitisho wa pekee kwamba kurasa alizozipiga zimepangika kama zilivyoandikwa.

Makosa makubwa zaidi yamo katika vichwa vya safu. Chukua safu ya jina la kazi. Tenzi nyingi za Kiswahili hutajwa kwa neno utendi au utenzi mbele, kwa hiyo jedwali likipangwa kwa abjadi nusu yake hukaa chini ya U. Al-Inkishafi hukaa chini ya A kwa aliyeandika kiambishi cha Kiarabu, na chini ya I kwa asiyekiandika. Kazi ya Bwana Mwengo wa Pate huitwa Utendi wa Tambuka na wengine, Utendi wa Herekali na wengine, au Chuo cha Herekali. Mtafiti anayetafuta jina moja huambiwa hakuna, na huamini. Dawa yake ni kuwa na safu mbili: moja ya jina lililokubaliwa, ambalo ni moja tu kwa kila kazi, na nyingine ya jina kama lilivyoandikwa katika mswada, bila ya kulisahihisha.

Safu ya mwandishi ina hatari kubwa kuliko hiyo, na hatari yake ni ya Kiswahili hasa. Neno mwandishi hubeba maana mbili: aliyetunga na aliyeandika kwa mkono wake. Katika riwaya ya leo mtu huyo ni mmoja. Katika mswada wa Lamu ni nadra awe mmoja. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mnakili, mchonga mbao na mtunzi aliyefariki katika miaka ya 1940, aliwanakilia Alice Werner, Hichens na Dammann miswada mingi, na mkono wake wenye mapambo hutambulikana mara moja kwa aliyeuona mara mbili tatu. Kijuma pia alitunga kazi zake mwenyewe. Jedwali lenye safu moja ya mwandishi humtwika Kijuma mashairi ya watu waliokufa kabla hajazaliwa, au humnyima yale aliyoyatunga kweli, kwa kutegemea aliyejaza alilielewaje neno hilo siku ile. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, si wa kupotezwa kwa njia hii. Mtunzi mwanamke akikosekana katika safu yake, hakosekani peke yake. Hukosekana pia katika kila hesabu itakayofanywa baadaye kuhusu wanawake waliotunga, na mhakiki atakayesema kwamba walikuwa wachache atakuwa na jedwali la kumtetea. Safu ziwe tatu: mtunzi, mnakili, na aliyeagiza nakala iandikwe. Hii ya tatu yaweza kuonekana ya ziada, lakini nakala iliyoandikiwa mteja wa Kizungu si sawa na iliyoandikiwa msikiti, na mapambo ya Kijuma hayafahamiki vyema bila ya kujua nani alikuwa akisubiri kuyaona.

Tarehe nayo ina mitego yake. Utendi wa Tambuka huwekewa mwaka 1141 wa Hijra. Mwaka huo ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729, kwa hiyo anayeandika 1728 katika jedwali amechagua, ingawa huenda hajui kwamba amechagua. Excel ya kawaida haitambui tarehe yoyote iliyotangulia mwaka 1900. Tarehe za Pate na Lamu huzichukua kuwa maneno matupu, na mtu anayetaka kuzipanga kwa wakati hulazimika kuandika namba ya mwaka peke yake. Si hasara. Afadhali safu moja yenye mwaka wa Hijra kama ulivyo katika mswada, na nyingine yenye miaka miwili ya Kizungu inayoukumbatia, kuliko tarehe kamili isiyo ya kweli. Tena pana tarehe ya kutungwa na tarehe ya kunakiliwa, na hizi mbili zikitiwa katika kisanduku kimoja hakuna ajuaye tena ni ipi. Mjadala kuhusu umri wa tafsiri ya Hamziya ya Sayyid Aidarus bin Athman, ambayo wengine wameiweka katika karne ya 17 na wengine katika ya 18, unaonyesha jinsi tarehe za namna hii zinavyoweza kuigeuza historia nzima ya ushairi wa Kiswahili.

Shida hizi zote zina asili moja. Jedwali moja lenye mstari mmoja kwa kila kitu hudhani kwamba kitu ni kimoja, ilhali mambo yaliyomo ni matatu. Kuna kazi, kwa mfano Al-Inkishafi, ambayo haishikiki kwa mkono. Kuna nakala za kazi hiyo, kila moja na mnakili wake na mahali ilipo. Kuna kurasa za kila nakala, na picha ni ya ukurasa, si ya kazi. Wakutubi wa dunia waliutambua mgawanyo wa namna hii katika mwongozo uliotolewa na shirikisho lao mwaka 1998. Anayejali miswada ya Kiswahili na atengeneze majedwali matatu yaliyounganishwa kwa namba: kazi moja yaweza kuwa na nakala nyingi, nakala moja yaweza kuwa na kurasa nyingi, na kila ukurasa una picha yake. Tena gombo moja mara nyingi lina kazi kadhaa, dua ikifuatwa na utendi na utendi ukifuatwa na hesabu za deni, kwa hiyo kiungo baina ya nakala na kazi hupita njia zote mbili. Tarakilishi haishindwi na hili. Linaloshindikana ni uvivu wa kulifikiria kabla ya kuanza, kwani jedwali lililokwisha kujazwa mistari elfu mbili halina mtu atakayelivunja.

Laiti mgawanyo huu ungefuatwa, uhakiki wenyewe ungebadilika. Mtu angeweza kuufungua ubeti mmoja wa Al-Inkishafi na kuziona kando kando picha za nakala zote zilizo nao, pamoja na namna wahariri walivyousoma. Tangu mwaka 2011 maktaba kadhaa kubwa zimekuwa zikijenga utaratibu wa pamoja unaoitwa IIIF, ambao huipa kila picha anwani ya kudumu na kuiwezesha picha iliyoko nchi moja kutazamwa kando ya picha iliyoko nchi nyingine bila ya kunakiliwa. Kwa miswada iliyotawanyika Lamu, Dar es Salaam, London na Hamburg, ni vigumu kufikiri utaratibu unaofaa zaidi. Sharti lake ni kwamba usomaji usiandikwe juu ya usomaji. Safu ya matini ya Kirumi iandamane na safu ya aliyesoma na mwaka aliosoma. Na msomaji wa pili anayeona mbata pale wa kwanza alipoona pata aongeze mstari, asifute. Katika majedwali mengi yaliyopo usomaji ni mmoja, hauna jina la mtu, na kwa hiyo huonekana kama kwamba umetoka kwenye ukurasa wenyewe.

Kuna watakaosema kwamba mwenye picha hahitaji haya yote, kwa kuwa picha hujieleza. Hoja hii ina nguvu kwa wazee wa Lamu na Mombasa waliolelewa chuoni na wanaosoma hati hizi kama wengine wanavyosoma gazeti. Haina nguvu kwa mwanafunzi wa leo, na hata mzee hawezi kuisoma picha asiyoweza kuipata katika elfu kumi.

Swali la mwisho ni la mahali jedwali na picha zinapokaa. Katika mwezi wa Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mitandao, na huduma zake nyingi za mtandao zikakatika kwa miezi mingi. Mtafiti wa Nairobi aliyezitegemea picha za Lamu kupitia London alijikuta karibu na Lamu kuliko picha zake. Mpango wa maktaba hiyo unastahili sifa kwa jambo moja linalohusika hapa: maelezo ya kila faili hujazwa katika lahajedwali kwa namba inayolingana na namba ya folda ya picha, hivi kwamba nakala iliyoachwa nchini yaweza kufahamika hata London ikiwa kimya. Nakala ya picha isiyo na nakala ya jedwali haina faida hiyo, na yafaa kila msikiti, familia au idara inayokubali kupigiwa picha idai vyote viwili, siku ile ile, katika kifaa kimoja.

Tena idai safu moja ambayo haimo katika majedwali mengi. Pembeni mwa kurasa, na hasa katika karatasi ya kwanza na ya mwisho, hukutwa maneno yasiyo ya shairi: tamko la wakfu, jina la mwenye mswada, jina la aliyeazima, siku ya kuzaliwa mtoto. Aliyejaza jedwali kwa ajili ya fasihi huyaruka, na mpiga picha mwenye haraka huanzia ukurasa wenye ubeti wa kwanza. Kwa mhakiki anayetaka kujua utendi ulisomwa na nani, nyumbani kwa nani, na baada ya mtunzi kufa ulipitia mikono mingapi, karatasi hizo mbili ndizo zenye jibu, na picha zake zingepewa namba 000 na namba ya mwisho, kila moja na mstari wake.